Utetezi wa Mshtakiwa katika Kesi za Ulevi Barabarani, Trafiki na Makosa Madogo: Kitale na Bungoma

Mahakama za Kitale, katika kaunti ya Trans Nzoia, na za Bungoma, katika kaunti jirani, ziko kwenye barabara zisizolala. Bungoma imeketi kando ya barabara kuu itokayo mpakani Malaba kupitia Kanduyi na Webuye hadi Eldoret na Nairobi, njia ya malori ya mizigo ya Uganda na nchi zilizo mbele yake. Kitale ni njia panda: kaskazini Kapenguria na Lodwar, magharibi Endebess na mpaka wa Suam, kusini Kiminini, Kamukuywa na Webuye, na njia ya Moi's Bridge inayoshuka Eldoret. Madereva wa matatu, wa malori, wa magari madogo ya abiria na wa boda boda hukutana hapa na askari wa trafiki kila siku, na baadhi yao hujikuta kizimbani.

Makala haya yanaeleza namna mtu anavyojitetea, au anavyotetewa na wakili, anaposhtakiwa kuendesha gari akiwa amelewa, kuvunja sheria ya trafiki, au kutenda kosa dogo la jinai. Kesi nyingi za aina hii huamuliwa asubuhi ya kwanza, kabla shahidi yeyote hajaitwa, pale mshtakiwa anaposema "ni kweli" ili awahi kurudi nyumbani. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye hatua za mwanzo kuliko kwenye hukumu.

Saa za kwanza kituoni

Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya 2010 ndiyo ngao ya kwanza. Anayekamatwa anapaswa kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kunyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili. Anapaswa kufikishwa mahakamani haraka iwezekanavyo, bila kupita saa 24. Na saa hizo zikiisha nje ya muda wa kazi wa mahakama au siku ambayo mahakama haiketi, basi afikishwe kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ukikamatwa Webuye Ijumaa usiku, hesabu hiyo inaweza kukulaza selo hadi Jumatatu. Hapo ndipo dhamana ya polisi inapokuwa na maana, na ndugu wa aliyekamatwa hawana budi kuiulizia mapema, kabla ya wikendi kuwameza.

Dhamana ya pesa taslimu inayolipwa kituoni si faini. Ni amana ya kuhakikisha mtu atafika mahakamani, na hurudishwa kesi ikiisha iwapo masharti yalitimizwa. Wengi hulipa, wakapewa stakabadhi, wakarudi nyumbani wakidhani jambo limekwisha. Siku ya kutajwa kesi jina linaitwa, hakuna anayeitika, mahakama inatoa hati ya kumkamata, na ile pesa inaweza kuchukuliwa na serikali. Kilichoanza kama kosa la kutofunga mkanda kinakuwa tatizo la mtu anayetafutwa. Anayelipa dhamana ahakikishe amepata stakabadhi, tarehe ya kufika kortini na namba ya tukio katika kitabu cha matukio cha kituo (OB). Na anayeombwa pesa isiyo na stakabadhi ajue kwamba chini ya Sheria ya Hongo ya 2016 mtoaji na mpokeaji wote ni wakosaji.

Kipengele cha pili cha ibara hiyohiyo ya 49 hakijulikani vya kutosha: mtu hapaswi kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa mengi ya trafiki na ya ugomvi wa mtaani yanaingia humo. Wakili anayesimama mbele ya hakimu na kuitaja ibara hiyo hahitaji hotuba ndefu ya kumwombea mteja wake aachiliwe.

Ulevi kwenye usukani

Kosa lenyewe limo katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Mtu ana hatia ikiwa anaendesha, anajaribu kuendesha, au ana gari mikononi mwake barabarani au mahali pengine pa umma, akiwa amelewa pombe au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu gari ipasavyo. Tangu marekebisho ya 2012, adhabu ya juu ni faini ya shilingi 500,000, au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili, na mahakama yaweza pia kumzuia mtu kushika leseni. Hili si kosa dogo hata kidogo, na anayelichanganya na kosa la kusahau leseni nyumbani anajiponza.

Kisome tena kifungu hicho taratibu. Hakisemi kunywa ni kosa, wala harufu ya pombe mdomoni. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe mambo manne: kwamba aliyeshtakiwa ndiye hasa aliyekuwa na gari, kwamba gari lilikuwa barabarani au mahali pa umma, kwamba alikuwa amekunywa, na kwamba pombe hiyo ilimwondolea uwezo wa kulimudu gari. La nne ndilo zito, na ndilo lililofikisha kifaa cha kupima pumzi, ambacho Wakenya wanakiita Alkoblo, mbele ya Mahakama ya Rufani.

Kanuni za kupima pumzi za 2011 ziliweka viwango: mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, miligramu 80 katika mililita 100 za damu, na miligramu 107 katika mililita 100 za mkojo. Kwa miaka kadhaa madereva walipuliza usiku, wakakesha selo, wakatozwa faini asubuhi kwa kuwa namba ilizidi. Aprili 2017 Mahakama ya Rufani iliona kwamba kanuni hizo ziligongana na sheria mama. Sheria iliyopitishwa na Bunge inauliza kama dereva alishindwa kulimudu gari. Kanuni ziliuliza namba tu. Kanuni haiwezi kuunda kosa ambalo sheria iliyoizaa haikuliunda. Vipimo vilirudi barabarani baadaye, ila hoja ile bado ina uzito kortini: namba ni ushahidi unaosaidia kujibu swali, na swali lenyewe ni la kifungu cha 44.

Kwa hiyo kazi ya wakili ni kuuliza maswali ya kawaida kwa utaratibu. Askari aliona nini kabla ya kusimamisha gari? Liliyumba, lilivuka mstari, liliwasha taa? Kama dereva alisimama vizuri kwenye kizuizi, akapaki pembeni, akatoa leseni bila kuhangaika, mambo hayo yanapaswa kutoka mdomoni mwa askari mwenyewe anapohojiwa. Macho mekundu ni ya dereva wa lori aliyetoka Malaba usiku kucha kama yalivyo ya mlevi. Mtu aliyegonga kichwa kwenye ajali hupepesuka na kukokoteza maneno. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka huonekana kama aliyelewa chakari, na cheti cha kliniki anayohudhuria kinaweza kuibadilisha kesi nzima.

Muda nao una neno. Mwili wa mtu mzima hupunguza pombe kwenye damu kwa wastani wa miligramu 10 hadi 20 katika kila mililita 100 kwa saa. Mtu aliyesimamishwa saa nne usiku na kuchunguzwa na daktari saa tisa ni mtu tofauti na yule wa saa nne, na jambo hilo linaweza kumsaidia au kumwumiza. Aliyekunywa muda mfupi kabla ya kupuliza anaweza kuwa na pombe iliyobaki mdomoni, ndiyo maana husubiriwa walau dakika 15. Kama damu au mkojo ulichukuliwa, wakili huuliza nani aliuchukua, uliwekwa wapi, ulifungwa vipi, na ulifikaje kwa Mkemia wa Serikali, ambaye maabara yake ya upande huu wa nchi iko Kisumu. Mlolongo huo ukikatika mahali pamoja, cheti cha maabara hupoteza nguvu.

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini mlevi atetewe hivi, wakati barabara ya Webuye imezika watu wengi. Ninaelewa uchungu huo, na sina neno la kumtetea anayeinuka kwenye kilabu cha busaa akakamata usukani wa gari lenye abiria. Lakini mahakama haijui nani mlevi hadi ithibitishiwe. Askari anayejua ataulizwa maswali haya hupima vizuri, huandika vizuri na humfikisha mtu kwa daktari mapema. Kesi dhidi ya mlevi wa kweli husimama.

Makosa yenye bei yake

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 ziliweka faini maalumu kwa makosa ya kila siku. Kutofunga mkanda ni shilingi 500. Kushindwa kuonyesha leseni unapotakiwa ni 1,000. Kutumia simu ukiendesha ni 2,000. Mwendesha pikipiki asiye na vazi la kujikinga hutozwa 1,000, na anayebeba abiria zaidi ya mmoja 1,000. Kwa mwendo kasi, anayezidisha kilomita 1 hadi 5 kwa saa huonywa, 6 hadi 10 ni 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000.

Kwa makosa haya, mtu aliyetenda na anayejua alitenda mara nyingi hufaidika kwa kulipa na kuendelea na safari yake ya maisha. Sioni aibu kusema hivyo, na wakili mwaminifu atasema hivyo pia. Tatizo ni mashtaka yanayopangwa kwa pamoja. Mwendesha boda boda wa Kiminini husimamishwa kwa kubeba abiria wawili. Akifika kortini anasomewa mashtaka manne: abiria wa ziada, kofia, leseni, na kutokuwa na bima, ambalo ni kosa la sheria nyingine kabisa, Sura ya 405, na lenye adhabu kali kuliko yale mengine. Anayejibu "ni kweli" kwa yote kwa pumzi moja amekiri hata lile la bima, huku hati ya bima iko nyumbani kwa mwenye pikipiki. Kila shtaka lisomwe peke yake na lijibiwe peke yake.

Kuhusu mwendo kasi, Sheria ya Trafiki hairuhusu mtu kutiwa hatiani kwa kauli ya shahidi mmoja pekee anayetoa maoni yake kwamba gari lilikuwa likikimbia. Lazima kuwe na kipimo au uthibitisho mwingine. Dereva aliyeambiwa tu "ulikuwa unakimbia, nilikuona" ana la kujibu.

Palipotokea ajali, mambo huwa mazito. Kuendesha bila uangalifu, kuendesha kwa namna ya hatari na kusababisha kifo ni mashtaka matatu tofauti, na la mwisho lina kifungo cha hadi miaka 10. Tangu uamuzi wa Orweyo Misiani wa 1979, mahakama za Kenya zimeshikilia kwamba haitoshi kuonyesha hali ilikuwa ya hatari. Lazima dereva awe na kosa fulani lililoleta hali hiyo. Gurudumu lililopasuka, breki zilizokatika bila dalili, ng'ombe aliyeruka barabarani gizani: hayo huchunguzwa kwa ripoti ya mkaguzi wa magari na mchoro wa eneo la ajali. Dereva anapaswa kupiga picha za barabara, alama za matairi na magari yalivyokaa kabla hayajaondolewa, ikiwa hali yake inamruhusu. Mvua moja ya Mlima Elgon huosha alama zote.

Ugomvi, pombe na mali ndogo

Makosa madogo ya jinai katika eneo hili yana sura inayojulikana. Mtu amekutwa amelewa hajiwezi njiani, kosa ambalo Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inaliadhibu kwa faini isiyozidi shilingi 500, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Majirani wamegombana juu ya mpaka wa shamba la mahindi na mmoja ameshtakiwa kuzua fujo, kosa la kifungo cha miezi sita. Ndugu wawili wamepigana baada ya mazishi na kuna fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari kuhusu majeraha.

Fomu hiyo ya P3 isomwe na upande wa utetezi mstari kwa mstari. Daktari huandika umri wa jeraha na aina ya kitu kilicholeta jeraha. Ikiwa mlalamishi anasema alipigwa na rungu Jumapili, na daktari aliyemwona Jumatatu ameandika jeraha la wiki moja lililokatwa na kitu chenye makali, kesi imeanza kubomoka kabla mshtakiwa hajafungua mdomo.

Kwa kesi za namna hii, kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaipa mahakama uwezo wa kuhimiza upatanisho pale kosa ni la kati ya mtu na mtu na si zito. Wazee wa ukoo hukaa, aliyeumiza hugharimia matibabu, makubaliano huandikwa na kuletwa kwa hakimu, naye ndiye anayeyaidhinisha. Nimependa njia hii kwa sababu majirani wa Chwele au Endebess watakutana kisimani na sokoni hata hukumu iwe gani. Lakini makubaliano ya pembeni ambayo hakimu hakuyaona hayafuti kesi, na mlalamishi hapaswi kulazimishwa na yeyote, awe mzee au ofisa.

Asubuhi ya kujibu mashtaka

Karatasi ya mashtaka ni ukurasa mmoja au miwili. Juu kuna jina la mshtakiwa, kisha shtaka na kifungu cha sheria, kisha maelezo ya kosa: tarehe, mahali, namba ya gari, kitendo. Chini kuna majina ya mashahidi. Mshtakiwa aombe kuisoma, au asomewe. Makosa ya tarehe na ya namba ya gari yanaweza kurekebishwa na upande wa mashtaka, kwa hiyo yasitegemewe kumwokoa mtu. Lakini shtaka lililoacha kiungo cha kosa, kwa mfano lisilosema kabisa kwamba dereva alishindwa kulimudu gari, ni jambo la kupingwa.

Lugha ya mahakama ya hakimu ni Kiingereza au Kiswahili, na Katiba inampa mkalimani bila malipo yule ambaye hazielewi. Mzee anayesema Kisabaoti au Kipokoti, au kijana wa Kiturkana aliyeshuka kutoka Lodwar, asione haya kusema hakuelewa. Katika kesi ya Adan ya 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu unaofuatwa hadi leo: shtaka na viungo vyake vyote visomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, maneno yake yaandikwe karibu iwezekanavyo na alivyoyasema, akikiri, mwendesha mashtaka aeleze ukweli wa kisa, mshtakiwa apewe nafasi ya kuupinga au kuongeza maelezo, na akiupinga, kukiri kwake kufutwe na iandikwe kwamba amekana.

Hatua hiyo ya mwisho huokoa watu. "Ni kweli nilikunywa, lakini gari lilikuwa limepaki na nilikuwa nimelala" si kukiri. "Ni kweli nilimsukuma, yeye ndiye aliyeanza kunipiga" si kukiri. Hakimu makini ataandika kwamba mshtakiwa amekana. Shida ni kwamba mshtakiwa mwoga hukatiza maneno yake mwenyewe; husema "ni kweli" na kunyamaza, kwa kuwa mtu fulani selo alimwambia akikiri atapigwa faini ndogo na kwenda. Na kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema aliyekiri hawezi kukata rufani dhidi ya kutiwa hatiani, isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Anabaki na rekodi ya jinai, na rekodi hiyo humfuata kwenye cheti cha tabia njema anapoomba kazi ya udereva.

Asiye na hakika anaweza kukana na kuomba apewe maelezo ya mashahidi na nakala za ushahidi, haki iliyomo katika ibara ya 50. Kukana si kusema uongo; ni kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe. Akisha kuyasoma maelezo hayo, anaweza bado kubadilisha jibu, au wakili wake akafanya makubaliano na mwendesha mashtaka ya kukiri kosa dogo zaidi, utaratibu unaotambuliwa na sheria.

Kesi ikisikilizwa

Hapa nitapita haraka. Mlalamishi asipofika siku ya kesi ingawa alijulishwa, kifungu cha 202 cha sheria hiyohiyo ya mwenendo wa kesi kinaruhusu mshtakiwa aachiliwe. Mashahidi wa mashtaka wakimaliza na hakuna kesi ya kujibu, anaachiliwa chini ya kifungu cha 210. Ikiwapo, ana njia tatu: kutoa ushahidi kwa kiapo na kuhojiwa, kutoa maelezo bila kiapo, au kunyamaza. Wakili ndiye wa kumshauri ipi inafaa kulingana na ushahidi uliotolewa.

Asiye na uwezo wa kulipa wakili aulize juu ya Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Mahakama ina wajibu wa kumjulisha mshtakiwa haki yake ya kuwa na wakili, na kumpa wa serikali pale ambapo kumkosa kutaleta dhuluma kubwa.

Akitiwa hatiani, utetezi haujaisha. Hakimu asikie kwamba ni kosa la kwanza, kwamba ana watoto wanaomtegemea, kwamba leseni ndiyo jembe lake. Kanuni ya Adhabu inaruhusu mtu kuachiliwa kwa masharti, na sheria ya kazi za jamii ya 1998 inaruhusu makosa yenye kifungo kisichozidi miaka mitatu yatumikiwe kwa kazi ya kijamii badala ya gerezani. Hili ni muhimu kwa maskini, maana faini ya shilingi 3,000 isipolipwa inaweza kuwa kifungo cha hadi miezi mitatu, na ya zaidi ya 50,000 cha hadi miezi 12.

Rufani kutoka kwa hakimu huenda Mahakama Kuu, ambayo ina vituo Kitale na Bungoma, na inapaswa kuwasilishwa ndani ya siku 14 tangu hukumu. Muda ukipita, Mahakama Kuu yaweza kuuongeza kwa sababu nzuri. Mfungwa asiye na wakili anaweza kumkabidhi ofisa msimamizi wa gereza ombi lake la rufani, na ofisa huyo ana wajibu wa kulifikisha mahakamani.